Mtoto Ambaye Hakugeuka

Mwanangu Salumu,

Nimekutuma Birere ukawaage shangazi zako wote, hata yule usiyempenda, na si kwa ajili ya adabu tu. Nilitaka nyumba ibaki tupu mchana huu. Barua hii nitakupa kesho ukiwa umeshapanda gari, na utaisoma mkishatoka mjini, mahali ambapo huwezi kurudi kunibishia. Nakujua. Ungeisoma hapa nyumbani tungegombana mpaka gari likuache.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutotembea giza likiingia sikuandikii. Dada yako Mwayuma ameshakuimbia hayo wiki nzima. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja lenyewe silielewi vizuri. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri, nimechana karatasi, nimebandika chai nikaisahau mpaka ikakauka jikoni. Mama yako, aliyekuwa anawaambia walimu wazima waandike sentensi fupi na waseme wanachotaka, leo hajui anachotaka kusema.

Juzi ulirudi kutoka ile semina ya wakuu wapya wa shule kule Himbi, ukala huku bado unaongea. Ukasema shule yako mpya ya Kiwanja, kule Rutshuru, ina darasa la watoto viziwi, chumba kimoja nyuma ya uwanja, wazazi wenyewe walikijenga kwa mbao. Ukasema semina imewafundisha kwamba habari ya kuwatenga watoto imepitwa na wakati: mkuu anayejua kazi yake huvunja darasa kama hilo na kuwagawa watoto kwenye madarasa ya wenzao. Wazazi wa Kiwanja hawataki. Wiki ya kwanza tu watakuita kikaoni wakusikie. Ukaniuliza, nivunje au niache, Mama, maana wewe ndiye uliyeongoza mambo haya kabla ya wote. Nikakwambia ule kwanza. Halafu nikainuka nikaosha vyombo, mimi ambaye sijaosha vyombo tangu Mwayuma awe na mikono ya kufikia beseni. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka, nilikimbia.

Na kilichonikimbiza si swali lako. Ni kile ulichosema kabla yake, fahari imekujaa mpaka machoni. Kwamba mwalimu wa semina aliwasimulia habari ya mkuu mmoja wa shule hapa Goma, enzi za volkano ya kwanza, aliyegundua mtoto anayesikia amewekwa kimakosa kati ya viziwi, akamtoa, akamrudisha kwa wenzake, na hivyo akaonyesha uongozi. Watu wakapiga makofi. Wewe ukajua ni mama yako. Ni mimi kweli, Salumu. Na hadithi hiyo niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa maana kwamba niliikata pale iliponipendeza. Sasa imekuwa mafunzo, na wewe unakwenda nayo Kiwanja kuwavunjia watu darasa lao.

Basi sikiliza ilivyokuwa, kadiri ninavyoweza kukumbuka bila kujipamba.

Ukuu wa shule sikuuomba. Mkuu wetu wa zamani alikimbia waasi walipoushika mji, na katika walimu waliobaki mimi ndiye niliyekuwa na diploma, nikakabidhiwa funguo. Funguo tu. Hakuna aliyeniambia mkuu wa shule hufanya nini. Nilijifunza kupaza sauti, na nilijifunza neno moja kubwa la kazi, kwamba mkuu hasemi "sijui" mbele ya mzazi. Akisema hivyo leo, kesho watoto wamehamia shule ya jirani. Neno hilo nililishika kuliko nilivyoshika swala, Mungu anisamehe.

Halafu volkano ikashuka, ikapita juu ya shule yetu. Ulikuwa mdogo lakini unakumbuka: ukuta mmoja ukabaki umesimama peke yake, na sisi tukafundisha chini ya turubai juu ya mawe meusi ambayo bado yalikuwa na joto, watoto wakiinua miguu kwa zamu. Walikuwa wengi kupita kiasi, wetu na wa shule nyingine zilizoungua, na wale waliokimbia vita vya Rutshuru na Masisi. Hapo ndipo watu wa misaada walipokuja wakasema katika kundi hilo lazima wamo wenye ulemavu, na wasiachwe. Walisema kweli. Wakachagua wakuu wachache wa shule, wakatupeleka Himbi kwenye nyumba moja kando ya ziwa, tukala kuku, tukafundishwa.

Nilifurahi mno. Hatimaye mtu alikuwa ananifundisha kazi yangu. Mwalimu wetu alikuwa mama mpole aliyetoka mbali, na sina neno baya juu yake. Alituonyesha namna ya kupima masikio bila mashine: msimamishe mtoto akupe mgongo, gonga kitu kwa nguvu nyuma yake, mtazame. Akigeuka, anasikia. Asipogeuka, mweke kando umwangalie zaidi. Sisi wakuu wote tuliandika. Mle ndani tulikuwa watu wazima wa Goma, tuliolala chini ya vitanda na watoto wetu mara ngapi sijui, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kuuliza.

Maana wewe unajua nilivyokulea pale Katindo, ukuta kwa ukuta na kambi ya wanajeshi. Kabla hujajua kufunga viatu nilikufundisha: ukisikia mlio mkubwa usigeuke, usikimbie, ganda hapohapo mpaka mama aje. Akina mama wote wa mtaa walifundisha vile. Tulisema mtoto anayegeuka kutazama ndiye anayepatwa. Na baada ya somo hilo la nyumbani, mimi huyuhuyo nikaenda shuleni, nikachukua ile ringi kuukuu ya gari tuliyoitumia kama kengele, nikawapanga watoto wakinipa mgongo, nikaipiga kwa chuma.

Wewe ulikuwa kwenye mstari. Hukugeuka. Nikakwambia, "Geuka, wee, ni mama," ukageuka unacheka, nikakupitisha. Nyuma yako alisimama msichana wa umri wako, jina lake Riziki, aliyekuja kwa miguu na shangazi yake kutoka huko huko Kiwanja. Wazazi wake walibaki njiani, na unajua watu wa hapa tukisema mtu alibaki njiani tunasema nini. Naye hakugeuka. Nikapiga tena. Akasimama tu, hata mabega hayakutikisika. Hakuwa amesema neno tangu afike. Nikaona mambo yamelingana, nikamweka kwa viziwi.

Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka mpaka leo. Mtoto wangu hakugeuka, nikajua ni mtoto aliyefunzwa. Mtoto wa mwenzangu hakugeuka, nikajua ni kiziwi. Mkono ni uleule, ringi ni ileile, na sikuona kitu.

Sasa ungetaka nikwambie kwamba mtoto aliteseka. Hapana, na hiyo ndiyo taabu yenyewe. Darasa la viziwi lilikuwa la Mwalimu Kasereka, yule Mnande mrefu wa Butembo, ambaye ndugu yake wa tumbo moja alikuwa kiziwi, kwa hiyo alijua ishara tangu utotoni. Walikaa wachache chini ya turubai lao, kando na kelele zetu. Riziki aliingia pale ameinamisha kichwa, na kabla mvua hazijaisha alikuwa anacheka. Maneno ya mdomo hakutoa, lakini mikono yake ilipiga domo mpaka ikawachosha wenzake. Akawa ndiye anayewatania, ndiye anayemsaidia mwalimu kuwashika wadogo. Nilipoletewa wageni nilikuwa nawaonyesha yeye kwanza.

Siku moja nilikuwa nimesimama pale nao. Nje ya ua akapita mwanamke, akamwita mwanawe kwa lugha ya kwao Riziki, taratibu tu, sauti ya mtu anayeita mtoto aje ale. Riziki akainua kichwa.

Nikamvuta Kasereka kando, nikamwambia mtoto yule anasikia. Akatazama chini. Akasema, "Mama Direktrisi, nilijua tangu mwezi wa kwanza. Lakini muangalie. Kule kwingine mutoto huyu atacheka na nani?" Nikamfokea vibaya sana. Nilimwambia amenifanya mjinga, na tena nikamwambia anamzuia mtoto wa watu kwa sababu anamsaidia kazi. Hilo la pili halikuwa uongo mtupu, mwenyewe alikuja kukiri baadaye. Unaona? Hata Kasereka siwezi kumfanya malaika nikapumzika.

Wiki ileile nikamtoa. Inspekta alikuwa anakuja, na sikutaka akute kosa langu limekaa kwenye benchi. Lakini pia nilijiambia ni haki ya mtoto, na huenda yalikuwa yote mawili, sijui lipi lilitangulia. Nikampeleka darasa la tatu, watoto wamebanana, mwalimu anapiga kelele ili asikike hadi nyuma. Riziki akakaa pembeni akitazama mikono yake. Wakati wa mapumziko alikuwa anakimbilia kwa viziwi. Nikakataza. Nilisema asizoee kule, atasahau kutumia mdomo. Hilo semina haikunifundisha, hilo nililitoa kichwani mwangu mwenyewe.

Akaacha kuja. Shangazi yake akaniambia mtoto ameanza kuuza makaa sokoni, shule haitaki tena. Nikasema nitamfuata. Sikumfuata. Turubai likapasuka, mishahara haikuja, wakatoka waasi hawa wakaingia wengine, na mimi nikawa na watoto wa kutosha wa kuhangaikia.

Kisha wakaniita Himbi tena, safari hii niwafundishe wakuu wenzangu. Unajua nilivyopenda kusimama mbele ya watu. Nikawasimulia habari ya mtoto aliyewekwa pasipo pake, akatambuliwa, akarudishwa. Mmoja akauliza, anaendeleaje sasa? Nikasema anaendelea vizuri. Nilirudia hadithi hiyo miaka na miaka, na kila nilipoirudia mtoto alizidi kuendelea vizuri. Kuna mwaka nilimfikisha mpaka sekondari. Usinicheke, au cheka, potelea mbali.

Volkano ya pili ilipolipuka nilikuwa nimeshastaafu, wewe ulikuwa unafundisha Bukavu. Asubuhi ile tulipoamriwa kuuhama mji, ardhi inatetemeka, mimi na Mwayuma tulishika barabara ya Sake na umati wote. Watu walikuwa wanaitana mpaka sauti zinakatika, hakuna anayemsikia mwenziwe kwa honi na vilio. Katikati ya vurugu ile nikaona watu waliotawanyika pande zote mbili za barabara, wametulia, wanaongea. Kwa mikono. Mwanamke mmoja amepanda juu ya lundo la mawe anawaonyesha pa kupita, na papo hapo anamjibu askari kwa mdomo. Nilimjua kwa mikono yake kabla sijamwona uso.

Naye akanijua. Akashuka, akanisalimu kwa heshima, akanipokea mzigo. Mimi nilikuwa na maneno tayari tangu zamani, nikayamwaga yote palepale barabarani: anisamehe, nilimweka kwa viziwi naye hakuwa kiziwi, nilimharibia maisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza:

"Juu ya nini ulinitoa?"

Sikuelewa kwa nini aulize sababu ya kumtoa, si ya kumweka. Akarudia. Akasema pale ndipo alipopata watu tena, na mimi nikaja nikamwondoa kama mtu anayehamisha kiti. Nikataka basi kuomba msamaha kwa hilo, akanizuia. Akasema nisidhani kuwekwa pale kulimfaa pia. Hadi leo akiwasindikiza viziwi wake hospitalini, akipewa karatasi ya Kifaransa anabahatisha tu, kwa sababu miaka ile ya turubai la Kasereka wenzake wanaosikia walisoma naye hakusoma. "Mama, hata mimi sijui nikukasirikie lipi," akasema. Kisha mtu akamwita kwa mkono kutoka ng'ambo ya barabara, akaenda zake.

Tuliporudi mjini sikusema kitu. Ningeweza kwenda Himbi nikawaambia waiache hadithi ile, haikuisha hivyo. Niliona haya. Nikajipa moyo kwamba mimi ni mzee sasa, nani bado anaisimulia. Kumbe atakuja kusimuliwa mwanangu wa kumzaa.

Kwa hiyo ukiniuliza nivunje au niache, hivi ndivyo ninavyokujibu: nikiwaza lile turubai la Kasereka na kicheko cha yule mtoto, nasema acha, usiguse ubao hata mmoja. Nikiwaza zile karatasi za Kifaransa hospitalini, nasema vunja, vunja leo. Tangu juzi nakaa hivyo, huku nasema hivi, huku nasema vile, mpaka Mwayuma ananiuliza naongea na nani. Na juu ya hayo yote ninaogopa. Naogopa barabara ile na vizuizi vyake, naogopa wenye bunduki wanaoshika Kiwanja leo na watakaoishika kesho. Ingekuwa ni mimi tu ningekuambia usiende. Lakini watoto wale wako huko, na wewe wanakuita mkuu wao.

Leo asubuhi ulidhani nimekwenda sokoni. Nilikwenda mtaa wa Majengo, nikaulizia mpaka nikafika kwa Riziki. Anashona nguo barazani kwa watu, na wateja wake wengine ni viziwi, wanakuja kupiga soga tu. Nikamweleza yote: wewe, Kiwanja, chumba cha mbao, kikao cha wazazi, hadithi yangu na uongo wake. Nikamwomba anipe jibu yeye, maana alikaa pande zote mbili. Aliendelea kushona. Halafu akauliza kama wale watoto wenyewe wameulizwa. Nikasema mwanangu hajui ishara. Akauliza kama wazazi wao wanazijua. Nikasema sijui. Akainua uso, akacheka kidogo, akasema siku zote hajawahi kunisikia nikisema neno hilo.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijui kama ni jema au ni ukatili. Riziki hajakanyaga Kiwanja tangu alipotoka akiwa mtoto. Nilijua hilo, na bado nikamwomba aende nawe, akawaulize watoto kwa mikono yake wanataka nini, wewe ukiwa umekaa unangoja. Alikata uzi, akatunga mwingine. Nilianza kuinuka nimuage, nimeona aibu ya kuomba. Akasema atakwenda.

Kesho asubuhi nitakwambia goti linanisumbua, siwezi kukusindikiza mpaka Kiwanja kama tulivyopanga. Goti langu ni zima, Salumu. Huyo mama mliyebanana naye kwenye kiti, uliyemsalimu ukadhani ni abiria tu, ndiye Riziki, na hapo alipokaa palikuwa pangu. Aliniomba nisiwatambulishe mpaka uwe umesoma haya, asije akatazamwa safari nzima. Hana hakika kama ataweza kushuka gari likifika. Akishindwa usimsihi, mwache arudi. Akiweza, mpeleke kwenye chumba cha mbao kabla ya kikao, na watakachosema watoto, hata kama mmoja atasema vunja na mwingine acha, uwapelekee wazazi vilevile bila kukinyoosha.

Nilimwambia basi na mimi nije, nikae nyuma tu, sitasema kitu. Alikataa. Akanishika mkono, kwa upole kabisa, akasema, "Wewe usikuje, Mama. Wazazi watakuuliza, na wewe utajibu."

Mama yako anayekupenda na asiyejua,
Zaina